Mita Nne za Nives Tartarini

Alasiri ya mazoezi ya mwisho, yale yanayofanywa kwa mavazi kamili, Ornella Zaghi alikuwa amepiga goti nyuma ya Nives Tartarini, pini mdomoni, akimkazia kamba za gauni la waombolezaji. Chumba cha kwaya katika Jumba la Opera la Santa Brigida, mjini Castelrado, kilikuwa na kipasha joto kimoja, nacho kilikuwa kimeanikwa soksi. Nje, ukungu wa Januari ulikuwa umepanda kutoka mto Po na kuzimeza taa za barabarani tangu mchana. Opera iliyokuwa ikitayarishwa ilisimulia habari za mji wa nchi ya joto uliozama baharini kwa makosa ya malkia wake. Kwa hiyo wanawake wa kwaya walivaa hariri nyepesi juu, na chini yake suruali za sufu ambazo hadhira haikupaswa kuzijua.

"Vuta pumzi," Ornella alisema.

"Nikivuta pumzi, kamba zitakatika. Ukinikaza hivi, pumzi haiingii. Chagua moja, mwenzangu."

"Nimechagua gauni. Wewe mpita njia tu hapa. Gauni ni mali ya jumba."

"Basi likaimbe lenyewe."

Ornella alikuwa mvishaji wa kwaya, na Nives mwimbaji wa sauti ya pili ya wanawake. Walikuwa wamezeeka pamoja kwa namna ya watu wa kazi hiyo, mmoja akiutazama mgongo wa mwenzake. Nives aliajiriwa kwa msimu, kwa mkataba uliozaliwa kila Oktoba na kufa kila Juni, na katika miaka yake yote jukwaani hakuwahi kuimba neno ambalo halikuimbwa na kwaya nzima kwa wakati ule ule. Neno lake katika opera hii lilikuwa "ole".

Kilichozungumzwa chumbani siku hiyo kilikuwa utepe. Katikati ya jukwaa palikuwa na mlango wa sakafuni, ambao katika sehemu ya pili ulifunguliwa ili kivuli cha malkia kipande kutoka kuzimu. Kwaya ilipaswa kuuzunguka gizani, mishumaa mikononi, ikitembea kinyumenyume, kwa kuwa mwongozaji aliyeletwa kutoka Milano aliona kwamba watu wa mji uliozama hawawezi kutazama mbele. Wafanyakazi walikuwa wameomba mambo mawili: utepe mweupe unaong'aa gizani ubandikwe kingoni mwa tundu, na godoro lirudishwe chini yake. Godoro lilikuwepo zamani. Mwaka huo lilipandishwa jukwaani likawekwa juu ya kitanda cha malkia katika sehemu ya kwanza, kwa kuwa fungu la kumnunulia malkia godoro lilikuwa limefutwa.

Utepe ulifika wiki hiyo, ukiwa wa zambarau. Ofisi ya manunuzi ilikuwa imehamishiwa mji mwingine, na watu wake hawakuwa wamewahi kuingia katika jumba la opera. Wao walichagua wa bei rahisi.

Katika nchi ile hakuna anayeingiza zambarau jukwaani. Inasemekana kwamba zamani ilikuwa rangi ya Kwaresima, majumba ya maonyesho yakifungwa na wasanii wakilala njaa. Kwaresima haifungi tena majumba. Wasanii wamepata njia nyingine za kulala njaa. Rangi imebaki na lawama. Learco Bonfatti, msimamizi wa mafundi wa jukwaa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mtu asiyeamini Mungu wala mapadri wake, aliupokea utepe ule kwa ishara ya msalaba. Uongozi ulimwamuru mlinzi aubandike, kwa kuwa mkaguzi alitarajiwa kupita. Mkaguzi alipita, akaridhika, akaenda zake. Asubuhi iliyofuata Nives aliubandua wote kwa kucha zake, kwaya nzima ikampigia makofi, na kiongozi wa okestra akambusu mkono. Mweupe ungeagizwa baada ya onyesho la kwanza.

"Umemaliza?" Nives aliuliza.

"Geuka. Haya. Kinywani mwa mbwamwitu."

"Na afe," alijibu Nives, kama ilivyo desturi ya watu wasiothubutu kutakiana heri waziwazi, akaenda kazini.

Ornella alisimama pembeni mwa jukwaa, sindano na uzi tayari, kama alivyofanya siku zote. Aliwaona waombolezaji wakirudi nyuma, mmoja baada ya mwingine. Alimwona Nives akiinua mshumaa, akafungua mdomo kwa ajili ya "ole", akapiga hatua moja ya kinyumenyume na kushuka pale pasipokuwa na sakafu.

Watu wote wa jukwaani wanaujua mlio wa mtu anayeanguka mita nne juu ya saruji. Wanaujua hata wasiowahi kuusikia. Learco aliinamisha kichwa akisubiri kishindo. Wapiga tarumbeta waliteremsha tarumbeta zao wakisubiri kishindo. Kiongozi wa okestra naye alisubiri, fimbo yake ikiwa hewani, muda mrefu kuliko alioandika mtunzi. Kishindo hakikuja. Kilichokuja ni "ole" ya Nives, kutoka chini, ikiwa imechelewa kidogo lakini katika sauti yake sahihi.

"Turudie tangu tarumbeta," alisema kiongozi wa okestra. "Sauti ya pili ni nyembamba."

Wakarudia tangu tarumbeta.

Ornella alibaki pale pembeni, uzi mkononi. Alikuwa akitazama jinsi waombolezaji wanavyofumba pengo la Nives katika mstari, kila mmoja akisogea nusu hatua, kama fizi inavyofumba mahali pa jino. Ilipofika mapumziko ndipo Learco alipolala kifudifudi kando ya tundu na kumulika ndani. Taa yake haikuona kitu.

"Nives! Uko wapi?"

"Nashuka."

"Umeumia?"

"Bado."

Learco aliteremka kwa ngazi ya nyuma mpaka chumba cha chini ya jukwaa. Alikuta sakafu ya saruji iliyofagiliwa vizuri. Alitazama juu akauona uwazi wa mlango, na ndani yake uso wa Ornella. Kati yao hapakuwa na mtu. Learco alishusha futi yake kutoka juu hadi chini, akapata mita nne na vidole viwili. Nives alikuwa humo.

Zimamoto waliitwa. Walitazama tundu, wakanywa kahawa, wakaeleza kwa masikitiko kwamba ngazi zao ni za kuwateremsha watu waliopanda. Padri wa Santa Brigida alikuja pia, lakini hakuwa na hakika asome sala ya wazima au ya wafu, akaona heri asubiri mwenyewe aamue.

Mwenyewe alikuwa mtulivu. Walipobaki wawili, Ornella akiwa amekaa ukingoni na miguu ameikunja, Nives alimweleza.

"Nikigeuza kichwa naiona saruji, dada. Iko pale pale. Naiona mpaka ule ufa ambao Learco huangushia majivu ya sigara. Inakuja, lakini inakuja kama karani wa serikali."

"Basi?"

"Basi sitaki kufika. Nani anataka kufika kwenye saruji? Waambie walete godoro walilaze pale chini. Wakiliweka nitafika, nitajipangusa, tutakwenda zetu nyumbani."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Na gauni lako halijachanika, usiwe na wasiwasi."

Ombi lilikuwa jepesi kiasi kwamba Ornella alipanda ngazi za ofisi karibu akikimbia, Learco nyuma yake. Ofisi ya mkurugenzi mkuu ilikuwa na joto. Katika nchi ile kila mwenye shahada na tai huitwa Daktari, na Daktari Folco Malvezzi, ambaye hakuwahi kumponya mtu yeyote, aliwapokea kwa kusimama na kuwavutia viti.

"Daktari, ni godoro tu," Ornella alisema. "Liko juu ya kitanda cha malkia. Mafundi wawili wanaliteremsha sasa hivi."

"Bi Zaghi, keti kwanza. Mimi mwenyewe sijalala." Ilikuwa bado jioni, lakini hakuna aliyemsahihisha. "Nimezungumza na wakili. Tukiweka godoro sasa, tutakuwa tunasema kwamba alasiri halikuwepo."

"Alasiri halikuwepo."

"Hilo ndilo tusilotaka kusema."

"Bosi," Learco alisema, "kuna mtu anaanguka."

"Anaanguka. Hajaanguka. Wakili amelifafanua vizuri sana jambo hili. Ajali ni pale mtu anapofika. Huyu bibi yuko njiani, tena mwenye afya. Nimemsikia akiimba. Akifika tutampa kila haki yake, na mimi nitakuwa wa kwanza kumpelekea maua." Akageuza kiti chake. "Na utepe, Learco? Utepe wa usalama aliubandua nani?"

Learco alitazama viatu vyake.

"Ulikuwa wa zambarau," Ornella alisema.

"Ninyi watu," Daktari alisema kwa huzuni ya mtu aliyesoma, "mnaogopa rangi." Na mkono wake wa kushoto, uliokuwa juu ya meza, ulishuka taratibu ukaugusa mguu wa chuma wa kiti chake, kama wanavyofanya watu wa kule wanapotaka kukinga balaa.

Ornella alijikuta mdomo wazi. Pini aliyokuwa ameisahau kati ya meno yake tangu alasiri ilidondoka juu ya meza na kutoa mlio mdogo, mkavu. Ulikuwa mlio wa kwanza wa kitu kufika chini siku hiyo.

Chumba cha chini ya jukwaa kilifungwa kwa kufuli na lakiri, kikaitwa eneo la tukio lisilokamilika. Kesho yake Ornella na Learco walilibeba godoro la Ornella mwenyewe kutoka nyumbani kwake, wakapita nalo barabarani katikati ya ukungu, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakisalimiwa na watu ambao waliona godoro tu likitembea. Mlinzi aliwazuia kwenye mlango wa wafanyakazi.

"Haliingii hilo, mama. Linashika moto. Sheria."

"Na ile mienge inayowaka jukwaani, kandokando ya mji wa karatasi?"

"Ile ni sanaa," mlinzi alisema. Hakuwa mtu mbaya. Aliwasaidia kulirudisha.

Basi Ornella akafanya alilojua. Alikusanya kabatini mabaki ya misimu iliyopita: bitana za makoti ya wafalme, mikono ya magauni, joho la askofu lililoliwa na nondo. Akashona mto mmoja mkubwa wa kumtosha mtu mzima, akaujaza pamba na vitambaa, akausukumiza tundoni. Alisubiri. Baada ya muda mto ukafika kwa Nives.

"Jamani! Ornella! Hii si velveti ya askofu?"

"Ndiyo."

"Laini. Mungu akubariki. Mgongo ulikuwa umeanza kuniuma kwa upepo."

"Haya, sasa teremka. Una cha kuangukia."



"Hakiko chini, mwenzangu," Nives alisema kwa upole. "Kiko nami. Nacho kinaanguka."

Habari za mto zilienea, na kila mtu wa Santa Brigida akataka kusaidia. Watu wa jumba lile walikuwa na moyo. Jumba lenyewe lilikuwa limesimama juu ya moyo huo kwa miaka mingi, kama nyumba iliyojengwa juu ya mgongo wa ng'ombe. Wanawake wa kwaya walimtupia Nives blanketi, soksi za sufu, mikate yenye nyama, riwaya za mapenzi. Mafundi walimtupia taa. Kahawa waliyommwagia ilimfikia kama mvua, na birika lilifika baadaye, tupu. Mpiga zeze mmoja alimtupia mwavuli kwa ajili ya kahawa. Haikupita wiki, Nives alikuwa akianguka akiwa amestarehe kuliko alivyopata kustarehe chumbani mwa kwaya, na hali yake ikaacha kuzungumzwa kama jambo la haraka.

Ornella aliliona hilo. Alikuwa ameketi ukingoni, akisikiliza jinsi Nives anavyocheka na mafundi juu ya riwaya fulani. Mto alioushona kwa mikono yake ulikuwa umefanya kazi ambayo Daktari na wakili wake hawangeiweza. Lakini kesho yake baridi ilizidi, naye akatupa blanketi jingine. Angefanya nini?

Siku mbili kabla ya onyesho la kwanza, Learco aliitisha mkutano nyuma ya jukwaa. Alipanda juu ya sanduku. "Hakuna godoro, hakuna opera!" alisema, na watu wote waliinua mikono, hata wapiga zeze, ambao kwa kawaida huinua mikono wakiwa wameshika kitu. Mgomo ulipita. Ornella alilia, akaona haya, akajifanya anatafuta pini.

Kisha sauti ikatoka tundoni.

"Learco, usigome."

"Unasema nini wewe mwanamke? Tunagoma kwa ajili yako!"

"Nashukuru. Usigome. Mwongozaji alikuja kusikiliza jana. Anasema sauti yangu huku inatoka kama sauti ya bahari yenyewe. Amenipa mistari minne."

"Mistari gani?"

"Minne, Learco. Peke yangu. Okestra inanyamaza, inabaki zeze moja, na mimi."

 Walikuwa watu wa kazi ile; kila mmoja alijua mistari minne ni nini. Learco aliteremka kutoka juu ya sanduku.

Ornella aliinama tundoni. "Nives. Una wazimu? Wakikubali kukuteremsha baadaye, sawa. Wakikataa?"

"Nimerudi nyuma katika 'ole' za watu wengine tangu mama yangu akiwa na meno," Nives alisema. "Niache niimbe kwanza. Godoro litakuja."

"Litakuja lini?"

"Baada ya onyesho la kwanza. Pamoja na utepe."

Onyesho la kwanza lilijaa. Roshani ya juu kabisa ya Santa Brigida hukaliwa na watu wasiosamehe: wachinja nguruwe waliostaafu, walimu wa piano, muuza magazeti mmoja aliyewahi kumfukuza mwimbaji mashuhuri jukwaani kwa mluzi mmoja. Katika sehemu ya pili, taa zilipozimwa na zeze ikabaki peke yake, sauti ya Nives ilipanda kutoka tundoni. Haikuwa kubwa. Ilikuwa na umbali ndani yake, umbali wa kweli ambao hakuna chuo kinachoufundisha, na ilisema yale ambayo waliozama huyasema wakiulizwa. Mistari minne ilipokwisha, roshani ilinyamaza kiasi cha kusikika joto likipita katika mabomba. Kisha muuza magazeti akasimama.

"Rudia!" alipaza sauti, na roshani nzima ikasimama nyuma yake. "Rudia!"

Nives alirudia. Pembeni mwa jukwaa Ornella alisikiliza akiwa ameshika mkasi, akijua kwamba hajapata kusikia kitu kizuri hivyo, na kwamba kwa sababu hiyo godoro halitakuja.

Watu walipotoka, mama yake Nives, Bibi Ines, aliteremshwa kutoka roshani kwa kushikwa mikono miwili, akaletwa mpaka ukingoni. Alikuwa na bakuli la maandazi ya boga yaliyochemshwa, limefungwa kwa kitambaa.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula, mama."

"Umekonda."

"Mama, hunioni."

"Nasikia." Akalitupa bakuli. "Ulikaza kidogo mstari wa tatu."

Magazeti yalisifu jumba kwa ujasiri wake. Majumba mengine yaliandika kuuliza tundu la Santa Brigida lina upana gani. Daktari Malvezzi alikuja chumbani mwa kwaya kupongeza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakiona kipasha joto na soksi, akasema pana mandhari ya kifamilia. Ornella alimuuliza juu ya godoro. Daktari alimtazama kama mtu anayetazama mgeni anayeuliza habari za chakula cha jana.

"Bi Zaghi, mwenyewe amelalamika?"

Mwenyewe hakulalamika mpaka Juni. Juni mkataba wake ulikufa, kama ilivyokuwa desturi ya mikataba yake, na uongozi ukamtaarifu kupitia Learco kwamba tangu siku hiyo yumo katika jengo kama mtu binafsi. Aliombwa kwa heshima aondoke.

"Aondoke aende wapi?" Learco aliuliza.

"Hilo ni jambo lake binafsi," alisema Daktari. "Sisi si watu wa kuingilia maisha ya mtu. Ila mwanga anaoutumia ni wa jumba, na majira ya joto tunazima umeme."

Learco aliyarudia maneno hayo ukingoni, polepole, kama anayesoma lugha asiyoijua.  Ornella aliyasikia vizuri, neno kwa neno, na bado alimwomba Learco arudie tena, kwa kuwa alikuwa ameishi maisha yake yote katika jumba ambamo malkia huchomwa moto, wana huwaua baba zao na masultani huwafunga wajakazi mnarani, na hakuwa amewahi kusikia jambo kama lile likisemwa bila muziki.

Kutoka chini Nives alicheka kidogo.

"Mwambie nimo njiani kuondoka," alisema.

Majira ya joto yote walimtupia mishumaa. Jumba lilipofunguliwa tena Oktoba, na mkataba wake kuzaliwa upya, sauti yake ilikuwa imeshuka mbali. Saruji, alisema, bado iko pale pale. Ni wao wa juu waliokuwa wakienda mbali naye, wakipanda kama moshi. Jukwaani alisikika, na katika safu za mbele alisikika na wenye masikio mazuri. Roshani haikusikia kitu. Muuza magazeti alipiga mluzi wake mmoja, na Daktari Malvezzi akaitisha kikao.

Tangazo lilibandikwa karibu na mashine ya kahawa. Jumba la Santa Brigida lilihitaji sauti tatu za kina, sauti ya pili ya wanawake, waombaji wenye afya njema na wasioogopa giza. Mkataba ulikuwa wa mwaka mzima, Oktoba hadi Oktoba, pamoja na majira ya joto.

Nives hakuwahi kupata mkataba wa namna hiyo akiwa amesimama.

Ornella alilisoma tangazo lile akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Alilisoma tena. Alitazama kama kuna mtu anacheka, akakuta hakuna. Nyuma yake palikuwa na foleni, na watu waliokuwa katika foleni hiyo aliwafahamu wote, migongo yao hasa. Kahawa ilikuwa ikimmwagikia mkononi. Mwanamke mmoja alimfuta kwa leso na kumwomba radhi, asogee kidogo, wapate kuona.

Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Fosca Gherardini, mwenye watoto wawili, ambaye kila Juni alikwenda kuuza jibini dukani mpaka Oktoba. Utepe mweupe ulikuwa umefika hatimaye, safi, unaong'aa. Uliwekwa ghalani, kwa kuwa ungeharibu giza. Godoro lilikuwa juu ya kitanda cha malkia, ambako lilipendeza.

Hivyo, alasiri ya mazoezi ya mwisho, Ornella alipiga goti nyuma ya Fosca, pini mdomoni. Gauni lilikuwa zito kuliko la kawaida. Mgongoni, kati ya hariri na bitana, alikuwa ameshona mto kuanzia shingoni hadi kiunoni. Ubavuni alikuwa ameweka mfuko wa mkate, na mwingine wa mishumaa. Daktari Malvezzi, alipoyaona mavazi hayo asubuhi, alisifu jinsi yalivyowapa wanawake mgongo.

"Vuta pumzi," Ornella alisema.

"Nimevuta."

"Ishike. Huko kuna upepo." Alikaza kamba, akafunga fundo, akalifunga tena. "Katika mfuko wa kushoto kuna maandazi ya boga kutoka kwa Bibi Ines. Si yako."

"Nitampataje?"

"Yuko chini yako. Ukimkuta, mwambie mstari wa tatu mama yake bado anausema."

Fosca alicheka. Alikuwa amepaka rangi midomo vizuri sana, ingawa kule hakuna ambaye angemwona.

"Sijawahi kupewa mistari, Ornella. Wala mkataba wa majira ya joto. Watoto wanajua mama yao yuko kazini."

"Geuka," Ornella alisema. "Haya. Kinywani mwa mbwamwitu."

"Na afe," alisema Fosca, akatoka.

Ornella alibaki amepiga goti, akisikiliza. Okestra ilinyamaza, ikabaki zeze. Jumba zima, mafundi, kwaya na wapiga tarumbeta, waliinamisha vichwa kidogo wakisubiri kishindo, kama walivyokuwa wamezoea. Hakikuja. Sauti ikaanza kupanda, mpya, karibu, ikisikika vizuri mpaka roshani.

Ornella akatia pini nyingine mdomoni, akamwita wa pili.